Gari la Saa Saba

 

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni mada ya insha: "Kitu Ninachokipenda Kuliko Vyote". Darasa zima lilifurahi, maana hiyo ni mada ambayo hata anayesinzia dawati la nyuma anaweza kuiandika. Jirani yangu aliandika kuhusu timu ya Arsenal, kurasa tatu bila kupumua. Mwingine aliandika kuhusu mama yake, na nasikia mwalimu alilengwalengwa na machozi. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Nikaandika: Mungu. Nikasema nampenda Mwenyezi Mungu kuliko mali, kuliko wazazi, kuliko nafsi yangu. Nikapamba kwa methali nne na tashbihi mbili, nikamaliza dakika kumi kabla ya kengele.

Daftari liliporudi nilikuta alama 13 kwa 20. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, neno moja tu: "Ushahidi?"

Nilikasirika, siwafichi. Mimi Mwislamu, yeye mzee wa kanisa, nikadhani ananionea. Nikaenda kulalamika. Mwalimu akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Yule wa Arsenal amenitajia mlo aliouacha mezani ili akatazame mechi. Wewe umeacha nini?"

Nilikosa jibu, nikaomba ruhusa nikatoka. Lakini njiani kuelekea bwenini nilijua kwamba jibu nilikuwa nalo, ila si jibu la kujivunia. Ndilo nitakaloliandika hapa. Wanaonijua wasinicheke sana.

Kwa wale wa vidato vya chini waliotoka mbali, niseme machache kuhusu kwetu. Mji wa Maua umekaa ubavuni mwa vilima vya Nyambene, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia mpaka ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Huku Igembe, miraa ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo mabati. Na miraa si mahindi ambayo utaweka ghalani ukingoje bei ipande. Ukiichuma leo, kesho jioni nguvu zake zinakwisha, kesho kutwa ni kuni. Ndiyo sababu vibunda hufungwa kwa majani ya migomba visikauke, na ndiyo sababu magari yake hukimbia hivyo katika barabara ya Meru na Nairobi, hata mbuzi wa Kangeta wamejifunza kutazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka. Kule uwanja wa ndege wa Wilson ndege haimngojei mtu. Kwa kifupi, mji wetu unaishi kwa saa. Muulize mtoto wa Maua saa ngapi, atakuambia gari la nani limeondoka.

Sisi ni Wameru na ni Waislamu, jambo ambalo huwashangaza wengi. Babu yangu alisilimu akiwa kijana, alipokuwa akifanya kazi katika duka la Msomali mjini. Alipobadili dini hakubadili shamba. Miti aliyoachiwa na baba yake, mingine minene kiasi kwamba sisi watoto wawili hatuwezi kuikumbatia tukashikana mikono, aliendelea kuitunza, akamwachia baba yangu. Upande wa mama wao ni Wamethodisti tangu enzi za wamishenari. Kwa hiyo nyumbani tunakula Idi na Krismasi, na hakuna aliyewahi kulalamikia mchuzi.

Baba yangu hatafuni miraa. Anaichuma, anaifunga, anaiuza. Na ana mazoea moja ambayo yalikuwa yakinikera tangu utotoni: siku ya Ijumaa, adhana ikilia, anaacha kila kitu. Hata kama kibunda kimefungwa nusu, kamba inabaki ikining'inia. Anatawadha, anavaa kanzu, anakwenda msikitini. Gari la mnunuzi wetu liliondoka saa saba. Khutba nayo huwa saa saba. Kwa hiyo Ijumaa alijitahidi kumaliza mapema, na pale ambapo hakumaliza, basi.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa Ijumaa moja ya Agosti 2022. Nilikuwa darasa la nane, na shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu. Mtakumbuka kwamba Machi 2020, korona ilipoingia, Somalia ilifunga anga yake, na hata ndege nyingine ziliporuhusiwa kurudi, miraa ilibaki imepigwa marufuku. Miaka miwili na zaidi soko la Mogadishu lilikuwa limefungwa kwetu. Kule Maua tulikula hiyo marufuku asubuhi, mchana na jioni. Ndugu yangu mkubwa aliacha chuo. Mama aliuza ng'ombe wawili. Halafu Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Hassan Sheikh Mohamud wakakubaliana hapa Nairobi, na miraa ikaruka tena. Hebu fikiria mji uliokuwa umelala miaka miwili ukiamshwa kwa honi.

Siku hiyo tulikuwa na mzigo mzuri kuliko wowote tangu korona. Tuliamka saa kumi na moja. Kufikia saa sita kasoro tulikuwa bado tunafunga, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha na wachumaji walichelewa kupanda kwa sababu ya utelezi. Saa sita na nusu gari likafika. Saa sita na dakika arobaini adhana ikalia kutoka mjini.

Baba akasimama. Akakung'uta majani magotini.

Dereva akamwambia, "Mzee, leo si siku ya mchezo. Dakika ishirini tu tunamaliza."

Baba akasema, "Dakika ishirini ndizo zenyewe."

"Mzee, ndege haitangoja Mungu amalize!"

Baba hakujibu hilo. Alikwenda kwenye pipa, akatawadha, akavaa kanzu yake. Alipofika langoni akageuka akaniangalia. Hakusema twende. Nilikuwa nimeshabaleghe, swala ya Ijumaa ilikuwa juu yangu kama ilivyokuwa juu yake, na alijua ninajua. Aliniangalia tu muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha akaenda zake.

Mimi nikabaki na dereva.

Ningependa kuandika kwamba nilishindana na nafsi, kwamba shetani alininong'oneza sikioni la kushoto na malaika la kulia. Hapana. Sikushindana hata kidogo. Nilifunga vile vibunda kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo tangu hapo. Mikono ilikuwa ikijua yenyewe. Nilimsikia imamu kwa mbali kwenye kipaza sauti, nikawa nafunga kwa mapigo ya sauti yake, yaani khutba ikanisaidia kufanya kazi! Saa saba na dakika tano gari likaondoka limejaa. Dereva akanipigia honi mbili za heshima, akaniita "mwanaume".

Nilidhani nitaadhibiwa. Nikangoja habari kwamba gari limepinduka, au ndege imeahirishwa, au mnunuzi ametoroka na pesa. Katika hadithi tunazosoma kitabuni huwa hivyo: mtoto mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Lakini Jumamosi asubuhi simu ya baba ikalia, ujumbe wa M-Pesa, hela zote, hata zaidi kidogo ya tulivyotarajia. Baba akazitoa kwa wakala, akarudi, akahesabu mbele yangu, akanipa shilingi 2,000.

"Hizi ni zako," akasema. "Umezifanyia kazi."

Nikapokea kwa mikono miwili. Akaongeza, kwa sauti ile ile ya kuhesabu pesa, "Na ile swala pia ilikuwa yako."

Basi. Hakurudia tena mpaka leo.

Nilinunua raba. Nyeupe pe, zenye mstari wa buluu, katika duka moja pale karibu na stendi. Na hapo, msomaji, ndipo mambo yangu yalipoanza. Kwa sababu Ijumaa iliyofuata nilikwenda msikitini, tena mapema, nikitaka kulipa deni. Lakini viatu huachwa mlangoni. Nikaviacha. Nikaingia, nikakaa safu ya tatu. Imamu akapanda mimbari. Nikaanza kuwaza: yule kijana aliyeingia baada yangu, mbona alisimama sana pale mlangoni? Nikageuza shingo. Imamu anahimidi, mimi nahesabu viatu. Tuliposimama kuswali niliomba moyoni surah iwe fupi. Katika sijida, uso uko chini, kwa pembe ya jicho nikawa natafuta kitu cheupe kati ya miguu ya watu.

Ijumaa ya pili nikasimama safu ya mwisho ili niwe karibu navyo. Ya tatu nikaja na mfuko wa plastiki, nikakumbuka mifuko imepigwa marufuku, nikaviingiza kwenye mkoba wa madrasa nikauweka mbele yangu, pale pale ninapoweka paji la uso. Nikawa navisujudia hasa. Nilipotambua ninachokifanya, nilicheka katikati ya swala, na swala yenyewe ikabatilika.

Niliogopa kumwambia baba, nikamwendea ustadhi wa madrasa. Nilidhani atanikemea. Badala yake akanisimulia jambo la Madina ambalo mpaka leo nalipenda. Siku moja ya Ijumaa Mtume alikuwa akihutubia. Ikaingia kafila ya biashara kutoka Shamu, imebeba chakula, na wakati ule watu walikuwa na dhiki. Wakasikia kelele ya kafila, wakaondoka. Waliacha khutba, wakaenda kuipokea. Inasimuliwa katika hadithi sahihi kwamba waliobaki mbele ya Mtume walikuwa wanaume kumi na wawili. Hao walioondoka hawakuwa makafiri wala wanafiki tu. Walikuwemo watu wa Madina ile ile, waliomwona Mtume kwa macho yao. Ikateremka aya mwishoni mwa Surah ya Ijumaa kuwakumbusha.

Nikamwambia, "Kwa hiyo gari la miraa lilifika Madina kabla halijafika Maua."

Ustadhi akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akanionyesha lililonipita. Surah hiyo hiyo, baada ya kuamrisha watu waache biashara waiendee swala, inawaamrisha wakishaswali watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mola wao. Haisemi biashara ni uchafu. Inasema kuna saa ya kuiweka chini. Akanifungulia pia Surah At-Tawba, aya ya 24, ambayo mimi nilikuwa nimeihifadhi kwa mdomo bila kuisikiliza. Aya hiyo inataja vitu vinane na kuuliza kama tunavipenda kuliko Mungu na Mtume wake: akina baba, watoto, ndugu, wake na waume, jamaa, mali tuliyochuma, biashara tunayoogopa isidorore, na nyumba tunazozipenda.

"Tafuta cha haramu hapo," akaniambia.

Nikatafuta. Hakuna pombe, hakuna kamari, hakuna wizi. Vyote vinane ni halali, tena vingine tumeamrishwa tuvitunze. Nikaona kumbe kosa langu nilikuwa nalitafuta mahali pasipo. Siku zote nilidhani kupenda dunia ni kupenda disko na sigara, mambo ambayo mimi sina hamu nayo, na kwa hiyo nikajipa alama zote. Kumbe mtihani uko kwenye baba, kwenye mama, kwenye shamba la babu, kwenye raba niliyoifanyia kazi kwa jasho.

Na hiyo biashara inayoogopewa kudorora! Nani Maua hajui hofu hiyo? Aya iliteremka kwa watu wa ngamia, lakini mimi nikiisoma naiona sura ya baba yangu mwaka 2014.

Mwaka huo nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo mengine nimesimuliwa. Zamani miraa ya kwetu ilikuwa ikienda London kwa ndege kwa uhalali kabisa. Uholanzi ilifunga mlango mapema 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Baba alikuwa ameanza kujenga nyumba ya mawe. Ikasimama kwenye linta. Nondo zilitokeza juu kama vidole vinavyoomba, zikashika kutu, na kila ukipita barabara ya kutoka mjini uliona nyingine kama hiyo. Mwalimu wetu alipotueleza habari za Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulioandikwa yapata miaka 200 iliyopita, ambamo mshairi anauonya moyo wake mwenyewe kwa kuuonyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyobaki magofu, wenzangu waliona mambo ya kale ya pwani. Mimi niliona linta yetu. Tofauti ni kwamba Pate watu waliishi kwanza ndipo nyumba zikaanguka. Sisi zilianguka kabla hazijaezekwa.

Nilipomweleza baba habari ya aya hiyo, jioni moja tukiwa tunapalilia, alinyamaza sana. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Akasema, "Mimi ule mwaka wa 2014 niliacha kuswali wiki tatu."

Nilishika jembe nikashangaa. Baba? Huyu wa kuacha kamba ikining'inia?

"Nilikuwa namwambia Mungu, nimekufanyia hivi na hivi, zaka nimetoa, Ramadhani nimefunga, na Wewe unanifungia Uingereza. Wiki tatu nilikaa chini ya ule mti mkubwa nikiangalia miraa inakomaa mpaka inakuwa majani ya mbuzi. Mama yako alikuwa ananiwekea maji ya kutawadha, yanapoa, anayamwaga. Hakusema neno. Siku ya ishirini na ngapi sijui, nikamwona anayamwaga, nikajiuliza: huyu Mungu nilikuwa nampenda, au nilikuwa namlipa ndege ziruke?"

Akaendelea kupalilia. Baadaye kidogo akasema, "Tangu hapo Ijumaa naacha. Si kwamba mimi mwema. Naogopa nisirudi pale chini ya mti."

Sasa nikaelewa kwa nini aliniangalia langoni bila kusema kitu. Nilikuwa nimedhani ananihukumu. Kumbe alikuwa ananiona nimekaa chini ya mti wake.

Hapa lazima niguse jambo ambalo wasomaji wengine wanalisubiri kwa hamu. Mtasema: wewe unazungumzia kumpenda Mungu, na miraa yenyewe je? Ni swali zuri, na ustadhi wangu hakuliogopa. Alisema kwa maoni yake tungefanya vyema kuachana nayo. Wanazuoni wameligombania tangu kale. Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 16, aliandika kitabu kizima kuhusu miraa, na yeye aliona ni salama zaidi mtu kuiepuka bila kuikata moja kwa moja kuwa haramu kama pombe. Kuna waliosema haramu, na kuna masufi wa Yemen na Harar walioitafuna ili wakeshe katika dhikri. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipoipiga marufuku muguka, ile ya majirani zetu wa Embu, na mahakama ikasimamisha, wengi wa maimamu wa pwani waliunga mkono marufuku. Binamu yangu anayekaa Mombasa alinipigia simu kunicheka: "Nyinyi mnauza, sisi tunazika." Sikucheka. Ana rafiki aliyeacha shule kwa sababu hiyo.

Mimi si mufti, ni mwanafunzi wa kidato cha nne, na karo yangu imetoka kwenye matawi yale. Siwezi kusimama hapa nikajifanya nimelitatua. Lakini nilimwuliza baba. Nilimwuliza kama siku ile Mungu akimtaka aikate miti ya babu, ataikata. Nilidhani atasema ndiyo haraka haraka, kama mimi nilivyoandika "Mungu" haraka haraka kwenye daftari.

Akasema, "Swali hilo ninaliswali kila siku." Akaenda zake.

Mwaka jana alipanda miche 40 ya makadamia katikati ya mistari ya miraa. Hakutueleza chochote. Makadamia huchukua miaka kadhaa kuzaa vizuri, kwa hiyo kwa sasa ni mti wa kumwagilia tu na kuungoja. Majirani wanasema mzee anafuata bei ya soko, na huenda ni kweli. Mtu anaweza kuwa na sababu mbili. Mama humwagilia ile miche kwa maji ya kuoshea vyombo. Juzi nilihesabu, 37 imeshika.

Nisimsahau nyanya, mama yake mama, Mmethodisti wetu. Niliwahi kumsimulia mambo haya yote, kafila, vitu vinane, mshairi wa pwani, kila kitu, kwa Kimeru changu cha kubahatisha. Alinisikiliza akimenya viazi. Yeye ana miti kumi na minne ya miraa nyuma ya jiko, na mnunuzi wake huja Jumapili asubuhi kwa sababu bei ya Jumapili huwa nzuri. Miaka yote ninayomjua, mnunuzi akifika humkuta nyanya ameshavaa kofia yake ya kanisani ya samawati. Akimwambia "Shosho, dakika tano tu," nyanya humwambia arudi saa nane. Hurudi na bei imeshuka. Nyanya hupokea, huhesabu, hushukuru. Nilipomaliza hotuba yangu yote aliniuliza, "Na viazi utakula?"

Zile raba zangu hakuna aliyewahi kuziiba. Nilizilinda mwaka mzima bure. Zikaanza kunibana nikiwa kidato cha kwanza, nikampa mdogo wangu, naye akazichezea mpira matopeni kwa wiki mbili mpaka soli ikafumuka. Nilimkemea sana. Akaniambia, "Si ni viatu tu?"

Likizo iliyopita, Ijumaa, gari la mnunuzi likachelewa tena. Dereva ni mwingine siku hizi, kijana wa Laare, mpole. Saa sita na dakika arobaini adhana ikalia nikiwa na kibunda mkononi, kamba imezunguka mara moja na bado moja. Nilijikuta nataka kuimalizia ile moja. Sekunde tatu tu, nani atajua? Baba alikuwa ameshafika kwenye pipa la maji, hata hakugeuka.

Nilikiweka chini. Msinipigie makofi, kwa sababu njia nzima nilikuwa nakiwaza, na rakaa ya kwanza vilevile. Ya pili, kidogo.

Tuliporudi tulikuta dereva ameketi juu ya ngazi ya nyumba yetu, ile ya linta, sasa imeezekwa. Alikuwa amemaliza kukifunga mwenyewe. Fundo lake lilikuwa baya, nikalifungua nikafunga upya.

Mwalimu, kama unasoma hapa, kile ulichoniuliza sikuweza kukijibu kwa mistari miwili. Naomba unisahihishie upya.